Maji ya Mwisho

Saa nne usiku, mwezi wa nne, nimejinyoosha kitandani nangoja upepo uingie dirishani, simu ikalia. Alikuwa shemeji yangu, yuko Minnesota, kule ni saa nane mchana. Hakusalimu, na si kawaida yake. Aligeuza kamera tu. Nikaona nyasi zilizonyauka, nikaona gurudumu, kisha nikaona maji yakichuruzika ubavuni mwa lile gari kama mtu amelidunga msumari.

"Shemeji," akasema, "si ulisema umemaliza?"

Ndiyo, nilisema. Nililisema mezani, mbele ya dadangu, mbele ya mama, sahani ya pilau mkononi. Nilisema "hapo sasa hata ije baridi ya namna gani," nikaongeza nyama.

Kabla sijafika kwenye nilichokisahau siku nilipoyakausha mabomba ya gari lile yasipasuke kwa baridi, ngoja nieleze fundi bomba wa Lamu alifikaje kwenye gari la Marekani.

Sisi wa Lamu magari hatuna mazoea nayo. Vichochoro vya mji wa kale hupita punda na mkokoteni, na ukitaka kupanda gari la safari unavuka kwanza kwa boti hadi Mokowe. Kwa hivyo dadangu aliponiambia wamenunua nyumba ya magurudumu, nilidhani ni mzaha wa ughaibuni. Picha zilipofika nikaona sanduku jeupe refu, mlango mmoja, madirisha ya pazia, ndani jiko la gesi, friji, vitanda, choo na shawa. Halina injini, huvutwa na pikapu. Wakati wa joto wao hulipeleka ziwani wakalala humo siku tatu nne. Mimi nimezoea kuliita gari-nyumba, na nitaendelea kuliita hivyo.

Wengine wangetazama vitanda. Mimi niliomba picha za chini ya sinki. Mna tangi la maji safi, matangi mawili ya maji machafu, pampu ya betri, hita, bomba la moto na bomba la baridi vikikimbizana ndani ya kuta nyembamba kuliko mlango wa Kiamu. Kazi ambayo mimi huifanya kwa nyumba nzima ya ghorofa mbili, wao wameibana pahala padogo kuliko jiko la mama.

Mwaka wa kwanza walilinunua Septemba, wakalitumia mara mbili, kisha wakaliegesha uani na kufunga mlango kama mtu anavyofunga nyumba anapokwenda harusini Pate. Hakuna aliyewaambia kitu. Januari ya kule usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri si habari ya kupigiana simu. Majira yalipogeuka wakajaza tangi, wakawasha pampu, maji yakatoka kila mahali ila mferejini. Hita ilikuwa imepasuka tumboni, elbo mbili, vile viungio vya kona, chini ya sinki zimeachana, na sakafu ya mbao ikaanza kufura. Dadangu hakunitajia bili ya gereji. Alisema tu, "Kaka, kwa pesa zile ningekuja nyumbani na kurudi."

Oktoba iliyofuata nikamsindikiza mama kwenda kumwona mjukuu mpya. Mama alikwenda kwa ajili ya mtoto. Mimi, kusema kweli, nilikwenda kwa ajili ya mtoto na kwa ajili ya yale mabomba.

Niseme kidogo kuhusu barafu, maana sisi tunaijua ya samaki tu na ya ukwaju. Kila aliyekulia pwani amewahi kufunga ukwaju kwenye vifuko vya nailoni kisha akavitia friza. Unapokifunga kile kifuko huwa kimelegea, kinalala kiganjani. Ukikitoa asubuhi kimekaza kama ngoma. Hukuongeza kitu, maji ni yale yale, lakini yakiganda hutaka nafasi zaidi, kiasi cha asilimia 9 hivi. Nailoni inanyumbuka kwa hivyo inavumilia. Sasa kumbuka ile chupa ya soda uliyoisahau friza ukakuta vigae. Ndani ya gari-nyumba mna vyote viwili. Mabomba yenyewe ni ya plastiki laini inayovumilia kiasi, ni nailoni yetu ile. Lakini viungio, koki, na vile vikombe vya plastiki ngumu kwenye pampu ni chupa ya soda.

Na kuna jambo ambalo baba yangu, Mungu amrehemu, angelipenda kulijua. Mara nyingi bomba halipasuki palipo na barafu. Barafu huanza pahala pamoja, ikaziba bomba kama kizibo, kisha ikaendelea kukua na kuyasukuma maji ambayo bado hayajaganda. Upande wa pili kuna mfereji uliofungwa. Maji yale hayana pa kwenda, presha inapanda, na pale penye udhaifu panaachia. Kwa hivyo unaweza kukuta barafu iko jikoni na ufa uko bafuni. Ndiyo maana wenyewe husema mifereji iachwe wazi msimu wote wa baridi.

Sasa kazi yenyewe.

Ilikuwa wiki ya pili ya Oktoba. Mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja alikuwa akiangalia hali ya hewa kwenye simu ya babake, akasema, "Mjomba, Alhamisi usiku itakuwa ishirini." Nikacheka, nikamwambia ishirini si kitu, Lamu ikifika ishirini na mbili wakati wa kusi watu wanavaa sweta. Akanitazama kwa huruma. "Mjomba, ishirini ya huku. Thelathini na mbili ndiyo inaganda." Nikapiga hesabu: nyuzi 20 za Fahrenheit ni karibu 7 chini ya sifuri kwetu. Tulikuwa na siku moja na nusu.

Matangi ya maji machafu nayapita haraka, mnisamehe. Shemeji aliyamwaga mwenyewe kwenye shimo la kambi la karibu, na mimi nilisimama upande upepo unakotoka.

Tangi la maji safi ni rahisi, lina koki chini, unafungua na kwenda zako. Kisha kuna mabomba mawili madogo yanayotokeza chini ya gari, kifuniko chekundu na cha buluu, la moto na la baridi. Yamewekwa pahala pa chini kuliko pote katika mfumo mzima. Unayafungua, unafungua na mifereji yote ndani ili hewa iingie, maji yanashuka yenyewe. Nilichuchumaa pale nikiyatazama yakimwagika juu ya majani makavu, nikahisi niko kazini. Yalipobaki matone nikasimama, nikapangusa mikono. Kichwani mwangu kazi ilikuwa imekwisha.

Pale ukutani akaja jirani yao, mzee mmoja wa Kimarekani mwenye kofia ya sufi, anayetembea na kikombe cha kahawa kisichoisha. Alikuwa akitutazama tangu mwanzo. Akauliza, shemeji akitafsiri, kama tumemaliza. Nikasema maji yote yametoka. Mzee akatikisa kichwa, akainua kidole gumba na cha shahada akivikaribisha, kidogo namna hii. Akasema yanayovunja si yale yaliyotoka. Ni yale ya mwisho, yaliyobaki.

Niliposikia hivyo nikamkumbuka baba, lakini kwa njia ya kinyume kabisa.

Wanaojua nyumba za zamani za Lamu wanajua birika la kuogea, si la chai. Ni kisima kidogo kilichojengwa kwa mawe na chokaa pembeni mwa choo, maji hutiwa humo na mtu huyateka kwa kata. Chini kabisa, katikati ya sakafu yake, mafundi wa zamani walizamisha bakuli la kauri. Ndani ya birika hufugwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Maji yakipungua hadi kukauka, kwenye bakuli lile hubaki kiasi cha kuwaokoa. Nikiwa mdogo nilikuwa namsaidia baba kusafisha mabirika ya watu pale Mkomani, na bidii ya kitoto ikinipeleka nikafika kwenye bakuli, alinishika mkono. "Hayo yawate. Ni ya samaki."

Maisha yangu yote ya kazi yamekuwa ya kuyatunza maji ya mwisho. Hata kwenye nyumba za wageni ninazozifunga Shela msimu wa mvua, ninapozima pampu na kufunga koki, huhakikisha maji yamebaki kwenye ile kona ya bomba chini ya kila sinki, maana yakikauka harufu ya shimo na mende hupanda juu. Mimi hutia na kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake yasikauke kwa joto. Miezi mitatu baadaye mwenye nyumba akifungua mlango hanusi kitu. Na sasa nimesimama kwenye baridi, na mzee mwenye kahawa ananiambia kwamba yale niliyofundishwa kuyaacha ndiyo adui.

Basi tukaanza upya.

Hita ndiyo iliyonifurahisha kuliko vyote. Kwanza tulizima gesi na umeme, tukaiacha ipoe kabisa, kisha tukafungua mfereji wa moto kupunguza presha. Ukifungua kizibo cha hita yenye maji moto na presha, utaoga bila kupenda. Kizibo kiko nje, nyuma ya kijilango, chataka soketi namba 27. Nilipokizungusha kikatoka na fito ndefu nyuma yake, imelika, ina mashimo na ncha imekonda kama muwa uliotafunwa na kutupwa. Shemeji akasema, "Hii pia imeharibika?" Nikamwambia hii haikuharibika, imefanya kazi yake. Ni ndugu yake kile kipande cha zinki tunachofunga kwenye injini za boti ili chumvi ikile yenyewe kwanza na kuiacha injini. Fito hii ni ya magnesi, maji yanaitafuna hiyo ili yasitafune chuma cha hita. Alifurahi, na mimi nilifurahi zaidi, maana tangu nishuke uwanja wa ndege lilikuwa jambo la kwanza nililolijua mimi na yeye halijui. Maji yakafoka nje, lita ishirini na tatu hivi, na nyuma yake yakaja magamba meupe ya chokaa kama maganda ya mayai.

Mara hita ikiwa tupu, swichi yake ya umeme isiguswe. Ikiwashwa bila maji koili yake inaungua papo hapo. Dadangu akaibandika gundi ya karatasi na kuandika HAPANA.

Kisha upepo. Jirani alileta kompresa yake na kiungio kidogo cha shaba ambacho upande mmoja unaingia pale panapofungwa mpira wa maji ya mjini, upande wa pili ni kama tundu la kujazia tairi. Shemeji alitaka aiweke presha ya juu ili tumalize haraka. Mzee alikataa. Alipunguza hadi 40 kwa vipimo vyao vya tairi na kusema zaidi ya hapo tutavunja wenyewe kile tunachokilinda.

Hapa mwenyeji wa Lamu hahitaji kufundishwa. Sisi maji ya mfereji huja kwa zamu. Yakirudi baada ya siku mbili, kinachotangulia ni upepo: bomba linapiga mluzi, linakohoa, linatema kutu, ndipo maji. Mtoto wa Langoni anaijua sauti hiyo hata usingizini, anaamka kukinga ndoo. Kule tuliisikia hiyo hiyo, ila kinyumenyume. Tulianza na mfereji wa mbali kabisa, mmoja mmoja, mingine yote imefungwa. Maji, kisha mchanganyiko, kisha kikohozi, kisha mluzi mkavu. Mama alikuwa dirishani na kanga juu ya koti. Aliposikia mluzi akauliza, "Maji yamerudi?" Nikamwambia yanaondoka, mama.

Na ilikuwa ajabu jinsi yalivyoendelea kutoka. Mabomba niliyoapa kuwa ni makavu yalitema karibu nusu ndoo.

Tulipumzika kwa chai. Mpwa alikuwa na swali. Yule mzee jirani amemwambia kuwa bomba la maji moto huganda kabla ya lile la baridi, je, kweli? Nikamwambia hilo lina mtu wetu ndani yake. Mwaka 1963, kule Tanganyika, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba, yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu shuleni. Nafasi ya friza ilikuwa haba, yeye akatia maziwa yake yakiwa bado moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa. Akauliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaendelea kuuliza, akachekwa, mpaka akakutana na mwalimu wa fizikia wa chuo cha Dar es Salaam, Denis Osborne, ambaye badala ya kumcheka alikwenda kulijaribu. Mwaka 1969 wakaandika pamoja, na leo jambo lenyewe linaitwa kwa jina la Mpemba. Wataalamu bado wanavutana kama ni kweli daima au ni kwa hali fulani tu. Mpwa akauliza, "Kwa hiyo sisi tufanye nini?" Nikasema sisi tutayakausha yote mawili. Akacheka kama aliyeshinda.

Baada ya upepo ikaja dawa. Na hapa nusura tufanye balaa. Shemeji alileta kutoka stoo dumu la kulanti ya kijani, ile ya rejeta, akasema hii nayo si huzuia kuganda? Inazuia. Lakini ni sumu, na ubaya wake ni kwamba ina utamu. Mbwa na watoto huilamba. Mabomba haya ni ya maji ya kunywa na kuogeshea kitoto kichanga. Nilimshika mkono vile baba alivyokuwa akinishika. Ya mabomba ni nyingine, rangi ya waridi, imetengenezwa kwa kemikali inayotumika hata ndani ya vyakula. Inauzwa madukani kwa madumu ya galoni, karibu lita nne, pembeni mwa mafuta ya gari. Mama alipoyaona madumu matatu mezani akadhani ni sharubati ya rozi. "Wageni wanakuja?"

Kwenye dumu imeandikwa nyuzi 50 chini ya sifuri, za kwao. Mzee akatuonya tusidanganyike. Maana yake ni kwamba bomba halitapasuka hadi baridi ifike huko. Yenyewe huanza kuwa uji mapema zaidi, lakini uji hausukumi kama barafu. Na uji huo una sharti: usiuzimue. Ukiwa umeacha maji ndani, dawa inachanganyika nayo, nguvu inapungua, na pale penye maji mengi kuliko dawa panaganda kama kawaida. Ndiyo maana ya upepo kwanza. Yale maji ya mwisho tena.

Kuna koki tatu nyuma ya hita ambazo huyafanya maji yaipite bila kuingia. Tukazigeuza, la sivyo hita peke yake ingekunywa madumu sita na hatuna. Tukachomoa kichungi cha maji. Tukafungua kile kikombe cha plastiki kinachokaa mbele ya pampu kukinga takataka, ukubwa wa yai la kuku, tukakimwaga. Nikawaambia hiki kidogo hiki ndicho cha kwanza kuvunjika. Kisha tukaunga mpira mfupi kwenye pampu, ncha yake ndani ya dumu, tukawasha. Sinki la jikoni, baridi kwanza. Maji meupe, meupe, kisha waridi hafifu, kisha waridi kamili. Kisha moto. Kisha bafuni. Kisha shawa. Kisha choo, ukikanyaga pedali hadi rangi ije, na kuacha kidogo chooni ili mpira wake usikauke. Mwisho kikombe kimoja kwenye kila shimo la sinki na la sakafu ya shawa, pale pale ambapo Shela mimi hutia mafuta ya kupikia. Hapo nikajisikia niko nyumbani.

Jua lilikuwa linazama. Vidole vyangu sikuvihisi. Shemeji akafunga madirisha, akatoa betri akaipeleka ndani, akatia nyavu za waya mahali panapoweza kupita panya. Tukala pilau. Nikasema yale niliyoyasema.

Alhamisi usiku ilifika ishirini, kweli. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe na zinavunjika ukizikanyaga, sauti kama mtu anatembea juu ya magamba ya kome. Mama alitoka mlangoni hatua mbili, akavuta pumzi, akarudi ndani akasema Mungu ameumba na yeye haulizi. Mwisho wa Novemba tukarejea Lamu. Mwezi wa pili shemeji alinitumia picha ya gari limefunikwa na theluji hadi madirishani, akaandika, "Lako hili." Nikamjibu kwa kidole gumba.

Nikirudi kwenye simu ile ya mwezi wa nne. Walikuwa wamejaza tangi wapate kuyasafisha mabomba kabla ya msimu, wakawasha pampu. Kwa kawaida pampu ikishajaza mabomba hujizima yenyewe. Hii ikalia, ikalia, haikunyamaza. Mifereji yote imefungwa na pampu inalia: kuna pahala panavuja, hata mtoto wa fundi anajua. Nikamwambia shemeji azime, afuate maji yanakoanzia. Kamera ikayumba, ikapanda ubavuni mwa gari, ikasimama kwenye kijilango cha plastiki cha upana wa daftari, chenye kufuli.

"Hapa pana nini?" nikauliza.

Kimya. Kisha sauti ya mpwa kutoka nyuma: "Ni shawa ya nje, mjomba. Ya kuoshea miguu tukitoka ziwani."

Muda wote niliokuwa kule sikuwahi kukiona kikifunguliwa. Siku ile ya Oktoba nilikipita kijilango kile labda mara thelathini, hata nilikiegemeza spana. Nilidhani ni pahala pa kutilia waya wa umeme. Mzee wa kahawa naye hakukitaja. Gari lake la zamani halina. Walipokifungua, ndani mlikuwa na koki mbili, ya moto na ya baridi, na mpira umezungushwa kama nyoka. Koki zote zimefungwa. Maji yalikaa humo, kiasi cha kikombe cha kahawa, karibu miezi sita, hayakupata njia ya kushuka wala upepo wa kuyasukuma wala dawa. Mwili wa koki ulikuwa na ufa ulionyooka kuanzia juu hadi chini, safi, kama umekatwa kwa wembe.

Nilimwambia shemeji aukaribishe kwenye kamera. Nikautazama muda mrefu. Sikuwa na la kusema, na yeye, kwa adabu, hakunisaidia kulisema. Kitu chenyewe ni cha bei ndogo, hubadilishwa kwa dakika ishirini, na vyote vingine vilikuwa salama: hita, elbo, hata kile kikombe cha ukubwa wa yai. Dadangu alilitaja hilo mara tatu ili nisijisikie vibaya. Mama, aliyekuwa kando yangu kitandani akisikiliza, akauliza ni kitu gani kimepasuka. Nikamweleza. Akasema, "Wewe tangu utotoni hufungui milango ya watu. Adabu hiyo." Sijui kama lilikuwa sifa.

Siku tatu baadaye mpwa akanitumia picha. Koki mpya ziko mahali pake zinang'aa. Ndani ya kijilango, kwa upande unaouona ukikifungua tu, amebandika kipande cha gundi ya karatasi na kuandika kwa kalamu nene, Kiswahili cha kujifunza kwa mama yake, herufi zimepinda:

MJOMBA NA HAPA

Chini yake amechora samaki.